Mwana wa Mhunzi na Mlango wa Makabaila: Uhakiki wa Ahadi ya Kupanda Cheo katika Michezo ya Kuvaa Uhusika ya Zama za Kati

Utangulizi

Wahenga waliposema kwamba mwungwana ni kitendo, hawakuwa wakieleza jamii yao ilivyokuwa. Walikuwa wakibishana nayo. Katika miji ya mwambao uungwana ulikuwa kwanza suala la nasaba: baba yako ni nani, ukoo wenu uliingia mji huu lini, na mzee gani wa mtaa anaweza kulithibitisha hilo. Methali ilipata makali yake kwa kuwa ilisemwa mbele ya watu walioamini kinyume chake. Makala haya yanauchukua mgogoro huohuo wa nasaba na kitendo na kuutazama katika utanzu ambao bado ni mgeni katika uhakiki wetu, nao ni michezo ya kuvaa uhusika.

Michezo hii ni ya aina mbili. Iko ile ya mezani inayochezwa kwa dado, karatasi na masimulizi ya mdomo, na iko ya kompyuta iliyozaliwa kutokana nayo. Katika zote mbili mchezaji hupewa mhusika, humwamulia aseme nini na atende nini, na mhusika huyo hukua kadiri masimulizi yanavyosonga mbele. Mingi kati yake imejengwa juu ya taswira ya Ulaya ya Zama za Kati, yenye ngome, wapanda farasi waliovaa deraya na wakulima wanaolipa kodi kwa bwana wa ardhi. Mingi pia humwanzisha shujaa chini kabisa na kumwahidi kwamba juhudi zake zitamfikisha juu. Tunachouliza hapa ni kama mtu wa kawaida kweli anaweza kuwa kabaila ndani ya michezo hiyo, na mchezo unalipa gharama gani ili kuitimiza ahadi yake. Hoja tunayoitetea ni kwamba ukabaila wa kihistoria ulikuwa zao la kutambuliwa na wengine na la kupita kwa vizazi. Mchezo unaoufuata mwili mmoja kwa muda mfupi hauwezi kutoa yote mawili. Unapojaribu, hulazimika ama kukiuza cheo kama bidhaa, ama kumgundulia shujaa damu aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Neno kabaila linahitaji ufafanuzi. Tangu Azimio la Arusha la 1967 limebeba lawama, na msomaji wa Tanzania hulisikia pamoja na bepari na mnyonyaji. Humu linatumika bila lawama hiyo, kwa maana ya mtu wa tabaka lililomiliki ardhi kwa urithi, lililokuwa na haki ya nembo na silaha, na lililopokea utumishi wa watu wengine. Mpanda farasi aliyetawazwa rasmi kwa upanga na kiapo tutamwita naiti.

Cheo chenye bei

Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ndio mchezo ulioweka kanuni ambayo waliofuata wameiiga au wameikimbia. Katika toleo hilo la kwanza mpiganaji hupanda ngazi kwa kukusanya pointi za uzoefu, na kila ngazi ina jina lake. Ngazi ya tisa, inayofikiwa kwa pointi 240,000, huitwa Lodi. Mpiganaji wa ngazi hiyo akijenga ngome huhesabiwa kuwa baroni, na msingi wa mapato yake ni vipande 10 vya dhahabu kwa mwaka kwa kila mkazi wa eneo lake. Pointi zenyewe hutokana kwa sehemu kubwa na hazina iliyotolewa mapangoni, kwa kuwa dhahabu iliyopatikana hugeuzwa uzoefu. Kwa hiyo cheo kina bei, na bei hiyo imeandikwa katika jedwali.

Mhakiki aliyezoea kutafuta itikadi nyuma ya kanuni atagundua kwamba hapa hakuna mfalme. Hakuna anayetoa ardhi, hakuna kiapo, hakuna jirani mwenye ukoo mkongwe wa kumdharau huyu aliyetajirika jana. Ardhi ni pori, na anayelisafisha mazimwi ndiye mwenyewe. Wakazi watakaotozwa kodi hujitokeza tu, kana kwamba walikuwa wakisubiri mtu wa kumlipa. Hiyo si Ulaya ya karne ya 12. Ni hadithi ambayo Marekani imejisimulia kuhusu upanuzi wake kuelekea magharibi, ikavikwa deraya. Mtu wa kawaida hupanda kwa urahisi katika ulimwengu huo kwa sababu juu anakopandia hapana mtu.

Wapo walioliona pengo hilo mapema. Ed Simbalist na Wilf Backhaus wa Kanada, katika Chivalry & Sorcery ya 1977, walimtaka mchezaji arushe dado ili ajue kwanza baba wa mhusika wake ni wa tabaka gani, na yeye ni mtoto wa ngapi, kabla ya kujua lolote kuhusu ushujaa wake. Miaka mingi baadaye Mount & Blade, mchezo wa kompyuta uliotoka Uturuki mwaka 2008, na hasa toleo lake la Warband la 2010, uliuliza swali hilohilo la baba. Humo mwana wa kiume wa kabaila fukara huanza na bendera yake mkononi, ilhali mwana wa mwindaji au wa mfanyabiashara hana budi kusubiri hadi mtawala fulani ampokee kuwa kibaraka wake na kumkabidhi kijiji. Hapa angalau cheo hutolewa na mtu. Hata hivyo, Calradia ya Mount & Blade ni nchi ya kubuni, na vita vyake havikomi; nchi isiyokoma kupigana daima ina haja ya makamanda wapya kuliko inavyohitaji vitabu vya nasaba.

Historia iliruhusu nini

Ni rahisi kuvijibu vyepesi vitabu hivi vya kanuni kwa kusema kwamba katika Zama za Kati aliyezaliwa chini alikufa chini. Jibu hilo si sahihi. Sheria za Melfi, alizozitoa Kaisari Frederick wa Pili mwaka 1231 kwa ufalme wake wa Sisilia, ziliwakataza watu wasio wa ukoo wa manaiti kupewa unaiti bila idhini ya mfalme. Katazo la namna hiyo ni ushahidi kwamba walikuwapo waliokuwa wakipenya. Tena linaacha mlango wazi pembeni, yaani idhini ya mfalme. Ni kwa mlango huo Jeanne d'Arc, binti wa mkulima wa Domrémy, alivyoingizwa katika tabaka la makabaila na Mfalme Charles wa Saba mnamo Disemba 1429, pamoja na wazazi na ndugu zake. Yeye mwenyewe alichomwa moto mwezi Mei 1431. Waliokifaidi cheo ni ndugu zake.

Mfano wa William de la Pole wa Hull unafundisha zaidi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyemkopesha fedha Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza wakati wa vita na Ufaransa. Mwanawe, Michael, alitumikia vitani na katika baraza, akawa chansela, na mwaka 1385 akapewa cheo cha Earl wa Suffolk, miongoni mwa vyeo vya juu kabisa chini ya mfalme. Miaka mitatu baadaye maadui wake bungeni walimtia hatiani, naye akafa uhamishoni Paris mwaka 1389. Hivyo baba alitoa fedha, mwana akapata cheo, na cheo hicho kilichukua muda zaidi kabla ya kutulia katika ukoo. Kwa lugha ya kifasihi, mhusika wa kisa hiki ni ukoo, wala si mtu mmoja.

Mwana wa Martin

Kati ya michezo yote ya kompyuta ya aina hii, Kingdom Come: Deliverance ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi kuhusu suala letu. Ulitengenezwa Prague na studio ya Warhorse chini ya uongozi wa Daniel Vávra, ukatoka Februari 2018. Hauna mazimwi wala uchawi. Umewekwa Bohemia mwaka 1403, wakati Mfalme Wenceslas wa Nne alipokuwa ametekwa na ndugu yake Sigismund, na mhusika wake mkuu ni Henry, mwana wa Martin, mhunzi wa kijiji cha Skalitz.

Mwanzo wa mchezo ni wa makusudi katika udogo wake. Henry anatumwa na baba yake kununua makaa, kuchukua kipande cha mpini wa upanga, kuleta bia, na kumdai jirani mlevi fedha za misumari. Upanga unaotengenezwa ni wa Bwana Radzig Kobyla, mtawala wa Skalitz. Kisha jeshi la Sigismund linafika, wazazi wanauawa, na Henry anakimbia. Anaporudi kuwazika ananyang'anywa ule upanga. Tangu hapo lengo lake ni kulipa kisasi na kuurudisha upanga kwa mwenyewe.

Sehemu hii ya kwanza ina ubora ambao sijauona katika mchezo mwingine. Henry hajui kupigana. Askari wa Rattay ndiye anayemfundisha namna ya kushika silaha, na mchezaji hushindwa pamoja naye. Hajui kusoma pia. Mchezaji akifungua kitabu huziona herufi zimevurugwa, na huendelea kuziona hivyo mpaka Henry amlipe mwandishi wa kijiji cha Uzhitz amfundishe. Utabaka hapa haukuelezwa kwa maneno. Umewekwa ndani ya macho ya mchezaji. Ni fani iliyoyabeba maudhui yake bila mhubiri.

Mavazi nayo yamepewa kazi kama hiyo. Watu humpima Henry kwa anachokivaa: akiwa na damu na tope hudharauliwa, akioga na kuvaa nguo nzuri maneno yaleyale yaliyokataliwa jana hukubaliwa leo. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hadithi ya Sultani Darai katika mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870, ambamo maskini aliyekuwa akichakura jaani huoshwa, huvikwa na kupewa jina la kisultani na paa wake, na wakubwa wa mji wakamwamini. Hadithi ile humrudisha maskini jaani kwa sababu alimtupa aliyempandisha. Inajua kwamba cheo cha namna hiyo hukaa katika macho ya watu, na kwamba macho hayo yana deni kwa mtu fulani. Mchezo wa pili wa Warhorse, uliotoka Februari 2025, umeufuata ukweli huo kutoka upande wa pili. Hans Capon, kijana wa ukoo mkubwa, anafika Trosky akiwa amevamiwa njiani, hana wafuasi wala nguo zake. Mlangoni haaminiwi. Baada ya ugomvi wa kilabuni anafungwa kwenye mbao za aibu hadharani, shingo yake kando ya shingo ya Henry.

Lakini mchezo wa 2018 una siri, na siri hiyo ndiyo kiini cha malalamiko yetu. Karibu na mwisho Henry anaambiwa na adui yake, Istvan Toth, kwamba Martin hakuwa baba yake mzazi. Baba yake ni Radzig. Mwana wa mhunzi ni mwanaharamu wa kabaila.

Madhara ya ufunuo huu katika msuko ni makubwa kuliko watungaji walivyoonekana kuyapima. Unarudi nyuma na kubadilisha maana ya kila tukio lililotangulia. Kwa nini Radzig alimpokea katika utumishi kijana aliyemkosea amri na kupoteza upanga wake? Mchezaji alidhani ni kwa sababu ya ushujaa wa kurudi Skalitz kuwazika wazazi. Sasa anaambiwa kwamba ilikuwa damu. Saa nyingi za kujifunza, kushindwa na kujaribu tena, ambazo ndizo hasa uzoefu wa kuucheza mchezo, zinageuka kuwa pambo la jambo lililokwisha kuamuliwa kabla Henry hajazaliwa. Anayeibiwa zaidi ni Martin. Mhunzi aliyemlea, aliyeuawa mbele ya macho ya mchezaji, na ambaye kaburi lake mchezaji amelichimba kwa mkono wake, anapunguzwa kuwa mlezi wa mali ya mtu mwingine. Upanga nao unageuka: baba mlezi anautengeneza kwa ajili ya baba mzazi, na mwana ni mchukuzi kati yao. Taswira hiyo ni nzuri, sikatai, na mchezo unakwisha upanga ukiwa haujapatikana. Ila uzuri wake umegharimiwa na mtu wa tabaka la chini, na ni gharama ambayo utanzu huu umezoea kuitoza kwake.

Mtetezi wa mchezo atajibu kwamba mwanaharamu si kabaila. Jibu hilo lina uzito. Kuzaliwa nje ya ndoa hakukumpa mtu jina wala urithi. Kulihitaji baba mwenye nguvu na nia ya kumtambua hadharani. Francesco Sforza alizaliwa nje ya ndoa na akawa mtawala wa Milan mwaka 1450, lakini alikuwa na jeshi. Henry hana jeshi, na Radzig hamtangazi mbele ya mkutano wowote wa wakubwa. Kisheria hali yake asubuhi baada ya ufunuo ni ileile ya usiku uliotangulia. Kwa hiyo kosa, kama ni kosa, si la kihistoria. Ni la utunzi: damu haimpi Henry chochote isipokuwa maelezo, na maelezo hayo hayakuhitajika.

Kuna sababu nyingine inayowafunga watungaji, na ni ya haki kuitaja. Mchezo huu umejinadi kwa uaminifu wake kwa historia. Radzig ni mtu aliyeishi: Racek Kobyla wa Dvorce, aliyeuawa Kutná Hora mwaka 1416. Hans Capon naye ametokana na mtu wa kumbukumbu. Henry amebuniwa. Kama angepewa ardhi na nembo, angelazimika kuonekana katika hati za Bohemia, na hayumo. Mhusika wa kubuni katika historia iliyokwisha kuandikwa anaruhusiwa kufanya lolote mradi lisiache alama, na cheo cha kikabaila ni alama tupu: ni muhuri, ni jina katika daftari, ni mpaka wa shamba. Riwaya ya kihistoria inaufahamu ugumu huu, na kwa kawaida huukwepa kwa kumfanya shujaa wake mtumishi au mjumbe wa mkubwa. Henry ni ndugu yao.

Suala la wakati

Mchezo uliolielewa suala la wakati ni wa mezani: King Arthur Pendragon wa Greg Stafford, uliochapishwa na Chaosium mwaka 1985. Humo kila mwaka wa masimulizi hufungwa kwa majira ya baridi, ambapo mchezaji huhesabu mavuno ya shamba lake, hurusha dado ili ajue kama mkewe amejifungua na kama mtoto ameishi, na kadiri miaka inavyopita huutazama mwili wa naiti wake ukidhoofika. Naiti akifa mchezaji humchukua mwanawe, ambaye hurithi sehemu ya sifa za baba pamoja na baadhi ya ugomvi wake. Hapo ndipo mtu anapouonja ukabaila ulivyokuwa, yaani hofu ya kukosa mrithi, na mashujaa wanaopita huku shamba likibaki. Kwa mfumo huo kisa cha akina de la Pole kingeweza kuchezwa chote, kuanzia mikopo ya sufu hadi kufia Paris.

Kwa bahati mbaya Pendragon, katika muundo wake wa kawaida, huanza na mwana wa naiti. Mhunzi hana nafasi mezani. Mchezo wenye muda wa kutosha umeufunga mlango, na mchezo ulioufungua mlango hauna muda. Sioni sababu ya kiufundi inayozuia viwili hivyo kuunganishwa. Anayetaka kuijaribu ahadi ya mwungwana ni kitendo kwa uzito wake angemwanzisha mchezaji na mhunzi, akamwacha afe akiwa mhunzi mwenye sifa njema na akiba kidogo, kisha akampa mwanawe. Pengine ni mjukuu ndiye angeingia ukumbini, na hapo mchezaji angekumbuka mikono iliyofua chuma, wakati mjukuu mwenyewe ameshaanza kuionea haya.

Warhorse walilikaribia jambo hilo mara moja, katika nyongeza ya Julai 2018 iitwayo From the Ashes. Bwana Divish wa Talmberg anamkabidhi Henry kijiji kilichoachwa magofu, Pribyslavitz, awe msimamizi wake. Mtu wa pwani angemwita liwali: anatawala, lakini kwa niaba. Henry anatafuta wakazi, anachagua wapi pajengwe tanuri la mkate na wapi zizi, anatoa maelfu ya groshi mfukoni mwake, na jumba la kijiji likisimama anaketi kuamua kesi za watu waliokuwa, mwaka mmoja uliopita, sawa naye. Hakuna damu inayotajwa katika kazi hii. Amechaguliwa kwa sababu aliaminika, na wachezaji wengi huipita kama mapumziko ya kujenga nyumba.

Kwangu ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na njia halisi ambayo watu wa kawaida waliipitia: utumishi, kisha dhamana, kisha labda mwana atakayeachiwa dhamana ile kwa mazoea mpaka isahaulike kwamba ilikuwa ya kukopeshwa. Henry hana mke wala mtoto. Kijiji kikishajaa watu ardhi inabaki ya Divish, na msimamizi anapanda farasi wake kurudi Rattay, ambako Hans Capon anamsubiri waende kuwinda.